Kumsindikiza Manka

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa mezani jikoni, kofia nimeivua, kama vile umeingia mlangoni sasa hivi. Hujambo? Goti la kushoto linasemaje na mvua hizi za vuli? Nilisikia unapanda tena kwa miguu kwenda misa ya kwanza, nikafurahi, halafu nikaogopa, maana ile njia yetu ya Kibosho ikishalowa haijui mzee wala kijana. Tembea na fimbo ya marehemu Baba, usione haya. Kahawa ya kule chini ya mfereji imeanza kuiva? Na yule ng'ombe mwenye maringo amekubali kula migomba, au bado anasubiri aletewe majani ya Ulaya?

Sisi huku Marekani ni wazima wa mwili. Mjukuu wako Manka anakula vizuri na amenipita urefu kwa kidole kimoja. Mimi bado niko kwenye ile karakana ya matairi, na bado wananihitaji. Habari ya roho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, na nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Usishangae kwamba sikupiga simu. Simu yako anaishika Sesilia, na huyo binti wa dada yangu nampenda sana, lakini neno likipita masikioni mwake, Kibosho nzima imelipata kabla ya misa ya pili. Tena siku hizi husikii vizuri, ingenibidi nipaze sauti, na maneno haya siwezi kuyapaza. Kwa bahati Anatoli, yule mtoto wa fundi cherehani wa pale sokoni ambaye ni dereva huku, anakuja nyumbani kwa Krismasi. Anaondoka kesho, Alhamisi. Nimemwambia bahasha hii akupe mkononi mwako, si mkononi mwa Sesilia.

Mama, nimemkosea Manka. Nimemkosea vibaya, na sijui kama ataniita tena Baba kwa moyo mmoja.

Nianzie mwanzo. Unajua marehemu mke wangu Marisela alizaliwa Honduras. Watu waliotoka nchi zile za Kihispania huku wanaitwa Walatina, na kila mwaka wana shindano la urembo la wasichana wao, mkoa kwa mkoa. Najua umeshaanza kufanya ishara ya msalaba. Subiri kwanza. Hakuna nguo za kuogelea, nimeuliza mara tatu mpaka wakanichoka. Msichana anavaa gauni refu, anaonyesha kipaji chake, anaulizwa maswali ya akili, na anasimulia kwa Kihispania asili ya mzazi wake.

Manka alijaza fomu mwenyewe mwezi wa nane, bila kuniambia. Tulikuwa tunakula akasema, "Baba, nimeingia."

Nikadhani amepata chuo. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Si chuo," akasema. "Ni lile shindano la Mami."

Marisela alishindana akiwa na umri kama wa Manka, miaka kumi na nane, akawa wa tatu. Picha yake akiwa na ule mkanda begani iko ukutani hapa, juu ya jiko, nikipika anaitazama sufuria. Tangu alipotuacha, Manka amekuwa akipoteza Kihispania kidogo kidogo, kama maji ya mfereji usiosafishwa. Nyumbani tulibaki wawili na Kiswahili chetu, kile ulichomwongezea wewe mwaka ule aliokaa kwako wakati mama yake anatibiwa. Akaniambia anataka kusimama pale aliposimama mama yake kabla hajasahau maneno yote. Mzazi gani angekataa? Nikasema sawa, na nikajisifu moyoni kwamba mimi ni baba mwelewa.

Mwanzoni niliogopa vitu vidogo tu. Niliogopa vile viatu vya kisigino kirefu. Niliogopa atasahau neno jukwaani akae kimya mbele za watu. Kila Jumapili mchana nilimpeleka mazoezini, nikakaa viti vya nyuma na kofia yangu ya kazini, nikamwangalia anavyopita huku na huku na kitabu kichwani. Alikuwa akitembea vizuri, Mama. Alikuwa akitembea kama wewe ukibeba debe la maji, shingo haitikisiki.

Jumapili ya tatu walikaa mbele yangu akina mama wawili, wazazi wa washindani wengine. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa Kihispania, "Na huyu mweusi naye ni wa kwetu?"

Mwenzake akasema, "Wanasema mama yake alikuwa wa kwetu."

"Mama labda. Ngoja tumwone baba."

Wakacheka. Hawakujua kwamba aliyekaa nyuma yao anasikia kila neno, maana Marisela alinifundisha lugha yake miaka yote tuliyoishi pamoja. Ningeweza kuwaambia, "Habari za mchana, baba mwenyewe ndiye huyu." Badala yake nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mimi, Severini wako, niliyekuwa nikivuka mpaka pale Holili na lori la vitunguu nikibishana na askari wa pande zote mbili bila kutetemeka, nilijificha ndani ya kofia kwa ajili ya wanawake wawili wenye pochi.

Ile "ngoja tumwone baba" haikuwa maneno ya bure. Kuna utaratibu wa siku ya fainali. Kabla ya maswali, kila msichana anatoka nyuma ya pazia akiwa ameshikana mkono na baba yake, wanatembea mpaka katikati ya jukwaa, na mtangazaji anasoma majina yao wote wawili na kwao walikotoka. Baba anambusu binti kwenye paji la uso, anashuka. Ni hatua ishirini. Nilizihesabu wakati ukumbi uko mtupu.

Kuanzia hapo hofu ikahamia kwangu na mizigo yake yote. Nikiwa natoa tairi naona zile hatua. Nikiwa kanisani naona waamuzi watatu wananitazama mimi, halafu wanamtazama Manka, halafu wanaandika. Nilijua kabisa, au nilidhani najua, kwamba mtoto wangu angeshinda kama ningekuwa simo. Uso wake ni wa mama yake. Rangi ni yangu. Pua ni yako, Mama, na jina ni lako, maana nilimwita Manka kama mila inavyotaka, binti wa kwanza achukue jina la bibi mzaa baba. Nilimpa vitu hivyo vyote kwa furaha siku aliyozaliwa, na sasa nikaanza kuviona kama mzigo niliomtwika.

Hapa ndipo nilipofanya jambo lenyewe. Jumatatu moja, wakati wa chakula cha mchana, nilijificha nyuma ya rundo la matairi nikampigia simu mwenyekiti wa kamati, mama mmoja anaitwa Bi Graciela. Nikamwambia, "Mimi ni baba wa mshindani namba kumi na moja. Mimi ni Mwafrika, natoka Tanzania. Nadhani binti yangu hafai kwa sheria zenu. Mkimwondoa mimi sitalalamika."

Kisha akauliza, "Binti yako anajua umenipigia?"

Nikasema hajui. Nikamwomba asimwambie.

"Bwana," akasema, "sheria yetu inataka mzazi mmoja tu. Lakini maneno haya ukishanipa, siwezi kuyaweka mfukoni. Lazima niyafikishe kwenye kamati."

Nikataka kuyarudisha. Mama, maneno si tairi kwamba utalivua tena. Alikuwa ameshakata simu.

Wakampigia Manka kwamba kuna lalamiko, wakamwita wiki iliyofuata. Alikwenda peke yake, amebeba cheti cha kuzaliwa cha mama yake ndani ya bahasha ya plastiki, akaketi mbele ya watu watatu akaulizwa yeye ni nani. Miaka kumi na nane mtoto anajijua, na siku hiyo akaambiwa athibitishe. Mwishowe walimwomba radhi na kumwambia ana haki kamili ya kushindana. Lakini karatasi ya lalamiko ilikuwa mezani mbele yake, na Manka anasoma hata maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Ilisema lalamiko limetoka kwa baba mzazi.

Alirudi jioni akasimama mlangoni, mkoba haujatoka begani.

"Baba, ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Nilidhani ni mama wa yule mshindani namba nne. Nimemchukia wiki nzima. Nimekataa hata salamu yake." Akautua mkoba chini. "Kwa nini?"

"Nilitaka kukukinga."

"Na nani?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo, yeye sikumpa. Nakupa wewe, Mama, kwa sababu wewe ndiye uliyenizaa na huna pa kunirudisha. Sikuwa nikimkinga yeye. Nilijiogopea mimi. Niliogopa kusimama pale kwenye taa, watu waniangalie waseme, kumbe ndiyo sababu. Nilikuwa tayari mwanangu ang'olewe kwenye nafasi ya mama yake ili mimi nisionekane.

Siku tisa hakuniongelesha. Anapika, anaifunika sahani yangu, anaingia chumbani. Nikisema asante, anafunga mlango polepole. Angeupigiza ningefurahi, ningejua hasira inatoka. Nyumba hii ilinyamaza hivi mara moja tu, wiki ile tuliyomzika Marisela.

Siku ya kumi nikaliangalia isale. Unakumbuka nilikusimulia ukacheka mpaka ukakohoa, kwamba huku isale linauzwa dukani? Liko ndani ya chungu, limefungwa utepe mwekundu, watu wanalinunua kupamba sebule. Hawajui kwamba kwetu linapandwa mipakani na makaburini, na kwamba ukiletewa jani lake lililofungwa fundo huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nililinunua siku ile ile niliyoliona, likakua hapa karibu na dirisha. Basi nikakata jani, nikalifunga fundo kama nilivyomwona Baba akifanya, nikabisha mlango wa Manka.

Akafungua. Akaliangalia jani, akaniangalia mimi.

"Umelileta mwenyewe?"

"Nani mwingine angelileta? Nyumba ina watu wawili."

"Bibi alinifundisha," akasema, kwa Kiswahili chako hicho hicho, hata mkono kaweka kiunoni. "Aliyekosa hatembei na isale mwenyewe. Babu alipokosana na jirani kwa zamu ya maji, alimtuma katekista. Anatumwa mtu mzima anayeheshimiwa na wote, ili amseme kwanza aliyekosa. Wewe umekuja nalo kama mtu anayedai. Ukilileta mwenyewe huniombi, unanilazimisha."

Akanirudishia jani mkononi, akafunga mlango.

Nilibaki nimesimama pale kwenye korido, mtu mzima na jani mkononi. Mtoto aliyezaliwa Teksasi kanifundisha isale! Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekimbilia mila kwa sababu inamfunga yeye, nikaruka ile sehemu inayonifunga mimi. Tena sijui, Mama, kama imewahi kuonekana mzazi akimpelekea mtoto isale. Sijawahi kuona. Kama nimevunja na hilo pia, niambie, niongeze kwenye orodha.

Ndiyo maana ukifungua bahasha hii utakuta jani ndani yake. Litakuwa limekauka, lakini fundo sijalifungua. Nakuomba uwe huyo mtu mzima. Nisemee kwake, na uniseme na mimi, kama ulivyonisema nilipouza ile mikungu ya ndizi bila ruhusa nikiwa darasa la saba, bila kunionea huruma. Mpigie, lakini mtume Sesilia bandani kwa ng'ombe kwanza. Usimwambie anisamehe kwa sababu mimi ni baba yake. Mwambie tu kwamba najua nilichokifanya.

Najua barua itakufika shindano limekwisha. Fainali ni Jumamosi hii, siku mbili baada ya Anatoli kuondoka. Hilo ndilo linalonitesa sasa. Manka hajaniambia kama nitembee naye. Sheria yao inasema msichana asiye na baba anaweza kusindikizwa na mjomba, au akatoka peke yake. Mama, nilikuwa naogopa kutembea zile hatua ishirini. Sasa naogopa kwamba atazitembea peke yake, na ukumbi mzima utamhurumia, watasema maskini hana baba, na baba yuko pale pale nyuma, ndani ya kofia. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kijinga na ilinishinda. Hii ya pili nastahili, na sijui nitaibeba vipi mpaka Jumamosi.

Suti ninayo moja, ile niliyomzikia Marisela. Iko ndani ya boksi juu ya kabati. Sijaigusa, maana hakuna aliyeniambia niitoe.

Nisikuchoshe. Nisalimie kaka yangu Evaristi kule Rau, mwambie ile mashine yake ya kuranda mbao nilisikia kwamba imepona, nimefurahi. Nisalimie dada yangu Klementina, mama yake Sesilia, na umwambie mtori wake wa ndizi nauota. Nisalimie na Sesilia mwenyewe, kwa mbali. Wasalimie wanajumuiya wote wanaokuja kusali kwako, na yule mzee katekista kama bado ana nguvu za kupokea salamu. Ukipita kwenye kaburi la Baba, ng'oa magugu kidogo kwa niaba yangu, umwambie mwanawe wa pili bado anajifunza.

Najua Krismasi hii ni ya tatu bila mimi nyumbani, na mgao wangu wa mbuzi wanakula wengine. Wale tu. Mwakani, Mungu akipenda, tutakuja wawili. Ninachoomba ni kwamba hao wawili wawe wanaongea.

Mwanao asiyekuwa jasiri kama ulivyodhani,
Severini

Mama, nilikuwa nimeshatia sahihi. Manka amepita jikoni kuchukua maji, mara ya tatu sasa, na safari hii amesimama. Ameiona anwani yako juu ya bahasha, ameliona jani. Amenyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja wazi. Nampa barua yote asome, na mimi natoka nje nikasimame uani, maana kukaa hapa nikimwangalia akisoma sitaweza.

*

Bibi shikamoo. Ni mimi Manka mdogo. Mwandiko usicheke.

Nimesoma yote. Habari ya wale mama wawili na kofia nilikuwa sijui. Alikuwa hajaniambia. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu, kumbe alikuwa anaona haya kwa ajili yake. Bado nina hasira. Lakini hii ni hasira nyingine, ndogo kidogo.

Isale usilirudishe. Kaa nalo mpaka tuje mwakani, utanipa mkononi mwenyewe, na umseme kwanza mbele yangu. Nataka kusikia. Mtori pia nataka.

Jambo lingine, usimwambie Sesilia kwamba nimelia. Jana kwenye mazoezi walitugawia kadi tuandike nani atatusindikiza. Niliandika jina la Baba lote, na Kibosho, Moshi, Tanzania. Mtangazaji alishindwa kusema Kibosho, nikamrudisha mara nne mpaka akapatia. Hiyo ilikuwa jana, Bibi, kabla sijasoma barua.

Suti nimeitoa kwenye boksi leo mchana akiwa kazini, ilikuwa inanuka. Iko nyuma ya mlango wangu, imepigwa pasi. Yeye bado amesimama uani kwenye baridi, namwona dirishani. Bado sijaanza kuongea naye, kwa hiyo nakuandikia wewe, naye ataisoma kabla ya kufunga bahasha: Jumamosi saa kumi, na kofia aache nyumbani.